Laurencia, Zima Taa

Kama wiki iliyopita gazeti lenye mwanzo wa kisa hiki lilikupita, usijilaumu. Hukukosa raha yoyote.

Mimi ni Bartolomeo wa Ganako, dereva wa wageni hapa Karatu, na usingizi umenikimbia tangu mvua za masika. Sina ugonjwa unaoonekana, sina msiba, sina kesi. Mganga wa zahanati alinipima hapa na pale, mwishowe akaniambia nipunguze mawazo.

"Mawazo gani?" nikamuuliza.

"Hayo unayoyawaza ukiwa hulali."

Nikarudi nyumbani, nikajilaza chali, nikaanza kuwaza ni mawazo gani ninayowaza. Kukakucha hivyo hivyo.

Nimekunywa maziwa moto, nimekunywa mtindi, nimeacha kahawa. Nimeombewa na wanamaombi mpaka wao wenyewe wakaanza kusinzia, na mimi nikawaangalia kwa wivu ambao nadhani ni dhambi. Hakuna kilichosaidia.

Niliwaeleza pia jinsi bosi wangu, Mzee Yasini, alivyolipokea jambo hili. Mtu mwingine angeniambia nipumzike. Mzee Yasini alipiga makofi.

"Dereva asiyelala!" alisema. "Wallahi hii ni baraka, Bartolomeo. Wenzako nawapigia simu mpaka chaji inaisha hawaamki. Wewe nani atakukuta umesinzia?"

Akili yake ilimwambia kwamba asiyelala usiku hana usingizi kabisa, kama vile usingizi ni kiungo cha mwili na mimi nimezaliwa bila hicho kiungo. Yadi nzima ya kampuni ikaamini. Wakanibandika jina, Popo. Hakuna aliyekumbuka kwamba popo hulala mchana.

Basi safari zote za alfajiri, zile za kuwahi wageni uwanja wa ndege, nikapewa mimi. Zilikuwa za Joseph, kijana wa Kimasai wa Piyaya, mgeni kwenye kazi hii, anayependa kulala mpaka anaweza kulala amesimama. Sikununa. Kwangu kitanda kilikuwa mahali pa mateso, na niliona bora mmoja wetu alale.

"Kaka Barto, Mungu akubariki," Joseph aliniambia akinishika mkono kwa mikono miwili. "Sasa na mimi naishi kama binadamu."

Nilimwambia asijali. Shikeni hapo, nitaparudia.

Alichokuwa hakijui Mzee Yasini ni kwamba usingizi haukunisamehe. Ulikuwa unanivizia mchana. Nimetia chumvi kwenye chai ya mgeni. Nimemwita mama wa Kijerumani kwa jina la mama wa Kijapani niliyemshusha juma lililotangulia. Nimepita nyumba yangu nikaenda kusimama getini kwa jirani, nikapiga honi, nikatukana kwa nini hawafungui. Barabarani nilikuwa najifinya paja mpaka likawa na alama, na wageni wakidhani nawashwa.

Mtu pekee aliyejua ni mke wangu, Laurencia.

Mnamjua, hata kama hamumjui. Ana hoteli ndogo ya chakula ukutani mwa yadi yetu, na ndiye anayefunga lanchi boksi za madereva wote. Hakuna gari linaloshuka kreta, lile bonde la wanyama, bila kuku wa Laurencia. Watoto wetu wako shule ya bweni, kwa hiyo nyumbani tumebaki wawili, yeye akilala na mimi nikikaa kitandani taa ikiwaka, nikihesabu mbao za dari. Maneno yake ya mwisho kabla hajanigeuzia mgongo yalikuwa hayo hayo kila siku.

"Barto, zima taa."

Nazima. Baadaye nawasha tena.

Sasa tuendelee.

Siku hiyo nilishuka kreta na wageni wawili tu, mzee wa Kikanada na mkewe. Watu wapole. Tulipata nyati, tukapata tembo mzee mmoja, na jua lilipokuwa limesimama vizuri nikaingia njia ya pembeni, peke yangu, nikakuta simba.

Walikuwa wamelala. Dume lilikuwa limelala chali, miguu juu, tumbo wazi, mdomo umeachia kidogo. Majike yamelaliana kama magunia.

Wageni wakasimama, wakatoa vichwa juu ya gari na kamera zao.

"Wanalala hivi muda gani?" mama akaniuliza.

"Karibu siku nzima, mama."

"Na usiku?"

"Usiku wakishashiba wanalala pia."

"Maskini. Hawana la kufanya."

"Hawana mawazo, mama."

Alicheka sana. Mimi sikucheka. Watu wametoka ng'ambo, wamepanda ndege mbili, wamekuja kumpigia picha mnyama anayefanya kitu kimoja ambacho mimi sikiwezi. Na anakifanya bila hata kushukuru.

Sisi madereva tuna desturi yetu kule chini. Ukiona mnyama huwezi kumfaidi peke yako. Unawaita wenzako kwa redio kol, tena kwa majina yetu wenyewe ili wageni wasielewe, maana wenzako wakimkosa wageni wao watanuna. Simba tunamwita sharubu. Asiyeita wenzake ni mchoyo, na siku atakapokwama kwenye tope atajua maana ya uchoyo.

Redio zenyewe ni za kupokezana. Mmoja akibonyeza maiki, wengine wote wanabaki kusikiliza tu mpaka aachie. Mnielewe vizuri hapo, kwa sababu ndipo nilipoharibikiwa.

Nilichukua maiki. Nikabonyeza. Nikafungua mdomo niseme "sharubu".

Lile dume likashusha pumzi, pumzi ndefu ya mtu aliyeridhika.

Na mimi nikalala.

Sijui kama mnanielewa. Tangu masika sijalala usingizi wa kueleweka, halafu nikalala fofofo ndani ya kreta, kwenye kiti cha dereva, kidole kikiwa kimekazana kwenye maiki. Nikaota. Nilikuwa nyumbani, nimechoka uchovu mtamu wa zamani, ule wa mtu aliyelima tangu asubuhi, na taa inanichoma macho. Katika ndoto ni mimi niliyekuwa na usingizi na Laurencia ndiye aliyekuwa macho. Nikamwambia.

Kisha mkono ukanigusa begani. Yule mama wa Kikanada alikuwa ananiangalia kama anavyoangaliwa mtoto mgonjwa.

"Tulikuonea huruma tukakuacha," alinong'ona. "Lakini sasa simba wanaondoka."

Niliposhtuka kidole kikaachia maiki. Redio ikalipuka.

"Ameachia! Ameachia!"

"Nani huyo mshenzi?"

"Tumepiga kelele mpaka koo zimekauka! Unakoroma kwenye chaneli ya watu?"

"Sairowua yuko wapi? Kuna anayempata Sairowua?"

Hakuna aliyempata. Sairowua ni dereva mwenzangu na rafiki yangu, Mmasai wa Ololosokwan, mtu ambaye siku nikichelewa ananiandalia gari bila kuombwa. Wakati mimi nakoroma, gari lake lilikuwa limezima katikati ya kinamasi, mahali ambapo simu haishiki, na mgeni wake mmoja kifua kimembana hapumui sawasawa. Aliita kwenye redio. Alichopata ni mkoromo wangu. Akaita tena, akapata mkoromo. Mwishowe akafungua mlango, akatembea kwa miguu kwenda kutafuta msaada, jambo ambalo kule chini ni marufuku kabisa, kati ya nyati, akiwa na fimbo tu.

Alikutana na gari la doria. Mgeni akakimbizwa hospitali na akapona. Sairowua akafungiwa kushuka kreta mpaka shauri lake lisikilizwe.

Hayo niliyajua baadaye. Pale pale nilichosikia ni sauti nyingine kwenye redio, ikicheka.

"Lakini jamani, mmesikia alivyosema usingizini? 'Laurencia, zima taa, nimechoka.'"

Nikapunguza sauti ya redio.

"Laurencia gani?"

"Kwani Karatu kuna Laurencia wangapi? Wa lanchi boksi!"

"Makubwa! Nani analala kwa Laurencia?"

"Mumewe, nani mwingine?"

"Popo? Popo halali!"

Wakacheka wote. Nilisikia vicheko vya magari sita au saba vikigongana.

"Kweli bwana. Popo halali. Kwa hiyo kuna mtu anazimiwa taa na Laurencia, na siyo Popo."

"Nyamazeni, Popo yuko hewani. Popo, upo?"

Nilishika maiki. Hapo ndipo ningesema. Neno moja tu, "ni mimi", na mambo yangeishia hapo. Lakini akilini nilimwona Mzee Yasini akinyoosha kiganja kudai ufunguo wa gari. Nikaona karo ya bweni. Nikaona yadi nzima ikijua kwamba dereva asiyelala ndiye anayelala wageni wakiwa ndani ya gari.

"Nipo," nilisema.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

Basi. Redio ikanyamaza, ule ukimya wa watu wanaomwonea mtu huruma huku wanasubiri wakate chaneli wacheke. Sauti yangu ya usingizini hawakuitambua. Sauti ya mtu aliyelala haina mwenyewe, na ya kwangu ndiyo kabisa, maana hakuna aliyewahi kuisikia.

Tulipofika getini juu, madereva walinipisha kama mfiwa. Mmoja alinipiga bega akasema, "Vumilia, kaka." Mwingine alisema kwa sauti ya chini lakini nikasikia:

"Ni Joseph yule. Nani mwingine anaweza kulala namna ile mchana?"

"Na kila asubuhi yeye ndiye anayepewa paja la kuku. Sisi tunapewa mbawa."

"Umeona? Mimi nilisema."

Joseph mwenyewe alipita na gari lake, hakusimama, hakunipungia mkono. Nilimwonea huruma kijana wa watu. Nilijua hana hatia, na nilijua kwamba anayeweza kumwokoa ni mimi, na nikaendelea kushuka kwenda Karatu nikijifinya paja.

Nyumbani niliwahi, jua likiwa bado lipo. Laurencia alikuwa jikoni, amefunga hoteli mapema, kitu ambacho hakijatokea tangu tuoane. Hakuniamkia.

"Ulikuwa kreta leo," alisema.

"Nilikuwa."

"Umesikia wanachosema."

"Nimesikia."

"Wanawake wa sokoni wameniuliza ni nani ninayemzimia taa. Nimekwenda kununua vitunguu, Barto. Vitunguu! Nimerudi bila vitunguu."

Nikakaa kwenye kigoda. Akanisogelea, akanitazama usoni kwa muda.

"Ni wewe," alisema.

Nikainama kufungua kamba za viatu.

"Ni wewe. 'Zima taa' ni maneno ya chumba hiki. Hakuna mtu mwingine anayeyajua. Ulilala kazini, ukabana maiki, ukaniita jina, halafu ukajikausha wakanivua nguo mbele ya Karatu nzima."

"Nikisema, Mzee Yasini atanichukulia gari."

"Achukue!"

"Tutakula nini?"

"Tutakula hiki hiki ninachopika. Gari litapatikana lingine, jina langu nitalinunua duka gani?"

"Wanasema ni Joseph," nilimwambia, sijui kwa nini, labda nilitaka aone kwamba hata mimi nina uchungu wa mtu mwingine.

Laurencia akageuka, akainama kupuliza moto. Alipuliza muda mrefu. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu, nikadhani ni moshi.

"Mzee Yasini ameitisha kikao kesho baada ya kazi, pale pale hotelini kwangu," alisema. "Utasimama useme. La sivyo usirudi humu."

Nikaahidi. Na nawaambia ukweli, nilipoahidi nilijisikia mtu mwema. Nilijiona mume. Sikujiuliza kwa nini hakumtetea yule kijana hata kwa neno moja.

Kesho yake jioni hoteli ilijaa. Madereva walikaa kwenye mabenchi, wengine wamesimama mlangoni. Mzee Yasini alikuwa amekalia kiti cha plastiki katikati, kofia mapajani. Sairowua alikaa pembeni, bila sare ya kazi, amejifunga rubega lake jekundu, fimbo magotini. Laurencia alikuwa nyuma ya kaunta akifuta sahani ambazo zilikuwa zimeshakauka.

Joseph hakuwepo. Simu yake ilizimwa tangu jana. Chumba alichopanga kilikuwa na kufuli.

"Mwenye hatia ndiye anayekimbia," alisema dereva mmoja.

"Nataka kumjua mtu mmoja tu," Mzee Yasini alianza. "Aliyelala na maiki mkononi. Mgeni angekufa. Sairowua angekufa. Kampuni yangu ingekufa. Sina haja na mambo ya chumbani ya mtu."

"Mzee, mambo ya chumbani ndiyo yatakayotuonyesha," mtu akasema, na wakacheka kwa kuficha midomo.

Nikaona Laurencia ameacha kufuta.

Nikasimama.

"Ni mimi," nilisema.

Waligeuka wote kunitazama. Halafu, Mungu anisamehe, wakanionea huruma zaidi.

"Kaa, Popo."

"Kaka, usijitwishe."

"Ni mimi niliyekoroma," nikarudia. "Ni mimi niliyemwita mke wangu."

Mzee Yasini akatikisa kichwa taratibu.

"Bartolomeo, unamfichia mkeo aibu. Ni uungwana, lakini tusidanganyane. Wewe hulali."

"Nalala!"

"Hulali, bwana. Karatu nzima inajua. Mimi mwenyewe nawaambia wageni."

Mnaona mambo yangu? Nimesimama mbele za watu naapa kwamba nilisinzia na wananikatalia. Nilianza kuwaeleza ya chumvi kwenye chai, ya geti la jirani. Nikapandisha mguu wa kaptula nikawaonyesha paja langu na alama zote za kujifinya. Wakanyoosha shingo kuangalia. Hata hapo wengine waliona ni ugonjwa tu wa kutolala.

Ni Laurencia aliyemaliza ubishi. Aliweka sahani chini.

"Ni yeye," alisema. "Mimi ndiye ninayemwambia azime taa, kila siku. Naijua kauli ya nyumba yangu. Mume wangu alilala kazini na aliniota mimi. Mnataka nini tena?"

Hapo wakaamini. Niliona uso wa Mzee Yasini ukibadilika, ukipita kwenye mshangao, ukafika kwenye hasira. Alinyoosha kiganja, vile vile nilivyokuwa nimekiona. Nikatoa ufunguo mfukoni, nikaweka juu yake. Alikunja vidole.

"Baraka yangu," alisema kwa uchungu. "Nilijisifu nayo kwa watu."

Unga wangu ulimwagika hivyo, bila kelele.

Sairowua akainuka, akanijia. Nilijua ana haki ya kunipiga.

"Ero," alisema, kama Wamasai wanavyoitana wanaume. "Niliita mpaka nikasikia aibu kuita. Nilikuwa natembea kwenye majani, naangalia nyati, nawaza kwamba nikimjua huyu mtu nitamvunja mguu. Sasa ni wewe. Mguu wako nitaufanyia nini?"

"Nisamehe, Sairowua."

"Utakwenda na mimi kwenye shauri langu. Utawaambia hivi ulivyosema hapa."

"Nitakwenda."

"Basi kaa chini, umekonda sana."

Madereva wakaanza kumfuata Laurencia kwenye kaunta mmoja mmoja. Shemeji, tusamehe. Shemeji, ni utani tu ulizidi. Yeye aliwaitikia kwa kichwa bila kusema. Nami nilikaa kwenye benchi, sina gari, sina kazi, na nitakiri kwamba nilikuwa karibu na furaha. Nimelinunua jina la mke wangu, nilijiambia. Nimelilipia.

Ndipo mlangoni watu wakapisha.

Joseph aliingia. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope, amevaa shati la jana. Mkononi ameshika nyasi, shada zima, ameliinua usawa wa kifua.

Mimi ni Mmbulu, lakini nimekaa na Wamasai miaka yangu yote. Najua. Kwao mtu akija na nyasi mkononi anaomba asamehewe, na haguswi mpaka asikilizwe.

Wenzangu wakatazamana. Mmoja akataka kumwambia kwamba jambo limekwisha, mkoromaji amejulikana, akasinzie zake. Sairowua alimzuia kwa fimbo.

"Mwacheni. Ameshika nyasi. Atasema."

Sairowua alijiweka sawa kupokea, maana ndiye aliyekosewa kwa ile redio, sote tulijua hivyo. Joseph akamfikia. Akampita.

Alikuja kusimama mbele yangu.

Alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akaniwekea zile nyasi miguuni. 

"Kaka Barto," alisema. "Ile ya redio sio mimi. Naapa mbele ya Mungu, jana sikulala kabisa, na maiki sikuishika. Waulize wageni wangu."

"Najua, Joseph," nilimwambia. "Simama. Ni mimi. Nimeshasema."

Hakusimama. Nadhani hata hakunisikia.

"Lakini hilo lingine ni kweli," alisema. "Nimekosa. Nimezunguka tangu jana nikitafuta namna ya kukuambia kabla hawajakuambia wao. Nimekwenda kwako sasa hivi sikukukuta. Nisamehe, kaka. Ulinibebea safari za alfajiri, na mimi nikakufanyia hivyo."

Mzee Yasini aliuliza, "Hilo lingine lipi?"

Joseph akazidi kuinama, akazisogeza nyasi karibu na viatu vyangu.

Nilizitazama zile nyasi. Zilikuwa ndefu, zimekatwa kwa kuvutwa, na zilinukia. Ulikuwa mchaichai. Nimeupanda mimi, kwa mkono wangu, nyuma ya nyumba chini ya dirisha la chumbani, mahali ambapo kutoka barabarani hapaonekani. Mgeni hawezi kupajua. Lazima awe amepita uani, tena gizani, alfajiri nikiwa safarini, mara nyingi, mpaka mkono wake unajua wenyewe pa kushika.

Nikainua macho kumtafuta Laurencia. Nilikuwa namngoja apige kelele. Nilikuwa namngoja arushe sahani, aseme kijana huyu amerukwa na akili, aseme lolote.

Laurencia hakuwa ananiangalia mimi.

"Joseph," alisema kwa sauti ya chini, sauti ambayo mimi nilidhani ni ya nyumbani kwangu tu. "Si nilikwambia uondoke?"

Madereva waliokuwa wamempigia magoti kwa maneno matamu wakashusha vichwa. Mmoja alifungua mlango akatoka nje, nadhani kwa heshima. Ufunguo wangu ulikuwa bado kiganjani mwa Mzee Yasini. Aliutazama, akanitazama mimi, kama mtu anayetaka kurudisha kitu asijue akirudishe wapi.

Niliinuka. Mikono ilikuwa imekunja ngumi bila kuniuliza. Sairowua akaingiza fimbo yake katikati yangu na yule kijana.

"Barto. Ameshika nyasi. Hutamgusa."

"Nitamfanya nini, basi?"

"Utamjibu. Unaziokota ukimsamehe, au unazipiga teke ukikataa. Ni hayo mawili tu. Sote tunangoja."

Wote walikuwa wananitazama. Bosi wangu, rafiki yangu, mke wangu, na yule kijana niliyempa usingizi wangu wote ili alale kama binadamu. Harufu ya mchaichai ilikuwa imejaa chumba kizima. Nilifungua mdomo nijibu.

Nikapiga miayo.

Sikuamini. Nikapiga tena, mirefu, mpaka machozi yakanitoka. Kope zikawa nzito, magoti yakalegea, na mwili mzima ukaanza kushuka taratibu kama mtu anayerudi kitandani kwake baada ya safari ndefu. Ulikuwa umekuja. Ule wenyewe, wa zamani, mzito, nilioutafuta tangu masika kwa maziwa na kwa maombi, umechagua kuja sasa, mke wangu akiwa kule na nyasi zikiwa hapa.

"Barto," Sairowua alisema, na sauti yake niliisikia ikitoka mbali sana. "Jibu, bwana. Usilale."